Udongo Wetu, Bahari ya Wenzetu

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Kikima)



Huenda mtu akauliza: sisi watu wa milima ya Mbooni tuna habari gani na bahari? Haya, tufuate maji. Mvua ikinyesha hapa, maji huteremka hadi mto Thwake. Thwake huingia Athi. Athi nao, huko chini, huitwa Galana, halafu Sabaki, na kuingia baharini karibu na Malindi. Wakati wa mvua bahari pale hugeuka rangi ikawa kama shamba lililolimwa. Ule ni udongo wa huku bara, na wetu umo. Ukitua hufunika matumbawe, ambako samaki hujificha na kupata chakula.

Sasa, nani huumia kwanza? Mwenye meli kubwa huenda kuvua mbali. Mwenye mtumbwi hana pa kwenda. Na mama karanga, yule anayenunua samaki ufuoni akaange auze, hurudi nyumbani na sufuria tupu.

Tutazame na Lamu. Bandari mpya ilipojengwa, bahari ilichimbwa na wavuvi wakapoteza mahali pa kuvua. Bandari si kitu kibaya. Kosa ni kwamba wenyeji hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka 2012 walikwenda kortini kwa pamoja. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Tunafurahi nao. Lakini miaka hiyo 6 watoto walikula nini? Kuwauliza mapema kungegharimu kikao kimoja tu chini ya mti.

Basi tusiwalaumu wakubwa peke yao. Sisi tulio juu ya mto tunaweza kumkosea jirani tusiyemwona. Mwethya zetu zichimbe matuta ya fanya juu, tupande nyasi kingoni, tuache kulima hadi ukingoni mwa mto. Udongo ukibaki, mahindi ni yetu na samaki ni wao.

Tena haki ianzie nyumbani. Kwenye matuta akina mama ndio wengi. Kwenye kamati je?

Maswali ya kujadili:
1. Udongo wa mashamba yetu hupotelea wapi zaidi?
2. Katika mradi wetu wa mwisho, ni nani hakuulizwa?
3. Tutaanza na shamba la nani, na lini?