Kamba za Tanga: Maneno kwa Wenye Ngalawa na Mashua

Leo napenda kusema nanyi juu ya kamba. Labda mtu atasema, "Kamba ni kitu gani hata kikaletewa hotuba?" Lakini mnajua ninyi wenyewe kwamba chombo hakiendi kwa tanga peke yake. Jarari ikikatika huko nje ya mwamba, foromali huanguka na tanga lake juu ya watu. Demani ikikatika wakati wa kusi, chombo hakisikii tena usukani, na upepo hukipeleka utakako wenyewe. Basi roho za watu watatu au wanne zimetundikwa katika kamba moja, nayo yafaa ichaguliwe kwa akili.

Wazee wetu walitumia kamba za makumbi ya nazi. Kamba hizi zina sifa zake: ni nyepesi, huelea, hunyumbuka, wala haziozi upesi katika maji ya chumvi. Upungufu wake ni kwamba ni dhaifu, hata imempasa mtu kutumia kamba nene sana kwa kazi ndogo.

Kisha ikaja kamba ya mkonge. Mche huu uliletwa Tanganyika mwaka 1893, wakati wa Wadachi, na Dr. Richard Hindorf, kutoka Florida katika Marekani. Miche 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai, na katika hiyo yakatoka mashamba makubwa ya Tanga na kwingineko. Kamba ya mkonge ina nguvu, hushikika vizuri mkononi, na fundo lake haliteleza. Lakini ikilowa huvimba na kukwama katika gofia, na ikiwekwa mbichi gizani huoza ndani, hali nje yaonekana nzima. Mwenye kuitumia na aianike kila arudipo pwani.

Siku hizi madukani ziko kamba za kiwandani, nazo ndizo zinazodanganya watu, kwani hufanana kwa sura na kutofautiana kwa tabia. Kubwa ni tatu.

Ya kwanza ni nailoni, iliyovumbuliwa Marekani mwaka 1935. Nguvu yake ni nyingi, lakini hunyumbuka sana. Kwa nanga hii ni sifa njema, kwani wimbi likikivuta chombo kwa ghafula, kamba hunyumbuka badala ya kukatika au kung'oa nanga. Kwa jarari ni kasoro: unatweka tanga mpaka juu, upepo ukizidi foromali hushuka kidogo, na tanga hulegea.

Ya pili ni poliesta, iliyovumbuliwa Uingereza mwaka 1941. Hii hunyumbuka kidogo tu, haipunguzwi nguvu na maji, na hulistahimili jua kuliko wenziwe. Hii ndiyo ifaayo kwa jarari na kwa demani. Bei yake huzidi, lakini hudumu.

Ya tatu ni polipropilini, ile nyepesi ing'aayo, mara nyingi ya rangi ya buluu, kijani au manjano. Ni rahisi, na huelea, kwa hiyo yafaa kwa maboya ya nyavu na kwa kumrushia mtu aliyeanguka baharini. Lakini jua huila upesi, fundo lake huteleza, na ikisuguliwa kwa nguvu huyeyuka. Usiifanye jarari kwa sababu ya bei.

Mtu atauliza, "Nitazijuaje, na mwenye duka mwenyewe hajui?" Twaa kipande kifupi, ukitie katika ndoo ya maji, ukikamue mpaka hewa itoke. Kikielea, ni polipropilini. Kikizama, chukua kamba hiyo pima mbili, ufunge ncha moja katika mti na kuivuta kwa uzito wa mwili. Ikirefuka na kurudi kama mpira, yaelekea ni nailoni. Ikikaa imara, yaelekea ni poliesta.

Sasa juu ya unene. Unene ukizidishwa mara mbili, nguvu huwa kama mara nne. Kwa ngalawa au mashua ndogo, milimita 10 au 12 hufaa; iliyo chini ya 8 hukata viganja, hata kama nguvu yake yatosha. Tena iwe nyembamba kuliko mfereo wa gofia, ipite bila kusuguliwa kandokando. Na kamba iliyoandikwa kwamba hukatika kwa kilo 1,000, usiitwike kila siku zaidi ya kilo 100 au 200, kwani fundo peke yake laweza kuipunguzia nusu ya nguvu, na jua na mishtuko ya upepo huongeza hasara.

Mwisho, itazameni kamba ya zamani kabla haijawatazama ninyi. Ifungueni nyuzi zake kwa vidole: mkiona unga ndani, au nyuzi fupi zilizokatika, au mahali palipokuwa pagumu kwa kuyeyuka, kazi yake ya kutweka imekwisha. Isitupwe, ifungie mizigo au mbuzi. Ikiwa ni nzima ila imelika mahali pa gofia, igeuzeni, ncha ya chini iwe juu. Na kila ncha ifungwe kwa uzi, isifumuke. Kazi hii hata watoto wa shule waweza kufundishwa.

Wakati mwema wa kazi hii ni masika, vyombo vikiwa vimepandishwa pwani, kabla kusi halijakaza. Ikiwa fedha yako yatosha kamba moja tu, anza na jarari. Faida ya kamba rahisi huonekana dukani. Hasara yake huonekana nje ya mwamba, mahali pasipo duka.