MADOA MEUSI KATIKA MAWE YA GRANITI

(Haya ni maneno ya hotuba kwa watu wa Bokoli, katika nchi ya Bungoma.)



Nafurahi kupata nafasi hii ili nisema nanyi juu ya jambo ambalo wapasua mawe wa hapa huliona kwa macho yao, ila wengi hawajapata kuelezwa maana yake. Mtu apasuapo jiwe la graniti huona rangi ya kijivu au wekundu kidogo. Mara nyingine, katikati yake, huonekana doa jeusi, dogo kama yai au kubwa kama chungu. Wako wasemao kwamba ni uchafu wa jiwe, na wako wasemao kwamba ni dalili ya dhahabu. Wote hawakupata.

Graniti haikuwa jiwe tangu mwanzo. Ilikuwa uji wa moto chini sana ya ardhi, ukapoa polepole mno, hata chembe zake zikakua. Chembe nyeupe na za waridi ni feldispa. Zing'aazo kama kioo ni kwatsi. Na nyeusi zibandukazo kama karatasi ni ulanga. Graniti za Magharibi ya Kenya, pamoja na lile Jiwe Liliao la Ilesi, karibu na Kakamega, zina umri wa miaka milioni 2,500 au zaidi. Mlima Elgon ni mtoto ukilinganishwa nazo, kwa maana moto wake uliwaka miaka milioni ishirini hivi iliyopita.

Sasa tutazame madoa yenyewe. Yako ya namna mbili kubwa.

Namna ya kwanza yana pembe kali, kama kigae cha chungu kilichovunjika. Hivyo ni vipande vya miamba ya kale iliyomezwa na uji wa graniti ulipokuwa ukipanda. Kilichomezwa hakina budi kuwa kilikuwako kabla ya kilichokimeza. Basi kwa doa hilo twajua lipi lilitangulia.

Namna ya pili ni ya mviringo, na kingo zake ni za mawimbi. Hayo ni uji mwingine, mweusi na wa moto zaidi, ulioingia katika uji wa graniti. Ukafanya kama mafuta ya moto yamiminwayo juu ya chakula kilichopoa: ukaganda upesi kwa mabonge. Ndiyo sababu chembe zake ni ndogo. Pengine ndani ya doa hilo mtaona chembe kubwa ya feldispa, sawa na zile za graniti. Ukiona kokoto ndani ya tofali, wajua kwamba iliingia udongo ulipokuwa mbichi. Na hapa ni vivyo hivyo.

Wataalamu hukata jiwe jembamba hata nuru ipite, wakalitazama kwa darubini. Chembe za apatiti zilizo kama sindano huonyesha kupoa kwa haraka. Madini meusi yaitwayo honiblendi, kwa kiasi cha alumini iliyomo, huweza kusaidia kukisia kina ambacho jiwe liligandia. Na katika chembe za zirkoni, urani hugeuka kuwa risasi kwa mwendo usiobadilika. Kwa kupima hizo mbili hupatikana umri.

Sasa nawaonya. Ulanga mweusi, ukiliwa na mvua na jua, hugeuka rangi ya dhahabu. Mtu asiuze ng'ombe wake ili anunue mawe ya namna hiyo. Jaribuni hivi: dhahabu ikigongwa kwa nyundo hulala ikawa bapa; ulanga hubanduka na kusagika. Dhahabu ya Kakamega, iliyowaleta watu wengi tangu mwaka 1931, ilichimbwa hasa katika mishipa ya kwatsi ipitayo katika miamba ya kale, wala si katika madoa haya.

Tena, wajenzi, doa lenye ulanga mwingi huoza mapema kuliko graniti yenyewe, na chuma chake hutia kutu ukutani. Jiwe la namna hiyo lisiwekwe mahali panapopigwa na mvua.

Mwisho, nawaomba wapasua mawe: mkipata doa zuri, msilisage lote kuwa kokoto. Wekeni kipande kimoja, mkipeleke shuleni, watoto wakione na kukishika. Jiwe likiisha kusagwa, habari zake zimepotea.