Ndege za Kubomoa Miji Juu ya Msitu wa Nyandarua



Chora mstari kwenye ramani kutoka uwanja wa ndege za kijeshi wa Eastleigh, Nairobi, hadi Mlima Kenya, nao utapita karibu na mashamba yetu ya kahawa na mkonge. Machi 1953, katika mwaka wa kwanza wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na Waingereza dhidi ya Mau Mau, kikosi kidogo cha Harvard kiliwekwa hapa Thika kabla ya kuhamia Mweiga. Harvard ni ndege ya kufundishia marubani. Ilifungwa vibomu vya ratili 19 tu. Novemba mwaka huo ikatua Eastleigh ndege ya aina nyingine kabisa: Avro Lincoln, injini nne za Merlin, mabawa ya mita 36, tumbo la kumeza ratili 14,000 za mabomu.

Skwadroni ya jeshi la anga la Uingereza iliyotangulia kuja nazo ilikuwa ya 49. Agosti 1940 rubani wake Roderick Learoyd alitunukiwa Victoria Cross kwa shambulio la mfereji wa Dortmund-Ems. Agosti 1943 skwadroni hiyo ilikuwa miongoni mwa zilizopiga Peenemünde, Wajerumani walikotengenezea makombora. Sasa mfereji hauhami, na kiwanda kina paa. Lakini Nyandarua kulikuwa na nini cha kulengwa? Vibanda vya matawi chini ya mianzi, vya watu wanaohama usiku. Ndege ndogo za polisi wa akiba ndizo zilizotangulia kutafuta dalili za kambi na kuonyesha mahali pa kupiga. Kwa jemadari aliyezoea picha za miji iliyoungua, huo ni ukungu mtupu.

Skwadroni za 100, 61 na 214 zilipokezana na ya 49 hadi 1955. Wapo waliouawa na mabomu hayo, na wapo waliotawanyiwa kambi zao; sitaki mtu atoke hapa akidhani yalikuwa fataki. Ndovu, vifaru na nyati walijeruhiwa pia, na nyati aliyejeruhiwa hachagui kati ya askari wa Mwingereza na mpiganaji wa Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau msituni.

Hata hivyo, sioni kwamba Lincoln ndizo zilizovunja vita vya msituni. Vilivunjwa huku chini. Operesheni Anvil, msako wa Waingereza wa Aprili 1954, ilikata mkono wa Nairobi uliokuwa ukipeleka risasi, dawa na vijana. Kisha zaidi ya watu milioni moja wakahamishiwa vijiji vya kulazimishwa, na mama aliyekuwa akificha unga kwa ajili ya msituni akajikuta nyuma ya handaki na miti iliyochongwa. Waliobaki wakawindwa kwa miguu, mara nyingi na wenzao wa jana waliokwisha kugeuzwa. Rubani aliye juu hakuviona vitu hivi. Alitupa mzigo wake akarudi Eastleigh.

Skwadroni ya 49 ilivunjwa Agosti 1955, ikaundwa upya 1956 ikiwa na ndege za jeti aina ya Valiant. Tarehe 11 Oktoba 1956, huko Maralinga, Australia, ndiyo iliyoangusha bomu la kwanza la atomiki la Uingereza kutoka ndegeni. Siku kumi baadaye, Dedan Kimathi alikamatwa kwenye ukingo wa msitu, karibu na Nyeri, kwa risasi ya bunduki ya askari mmoja aliyekuwa akitembea kwa miguu.