Kiwanda Kikifungwa, Sumu Hubaki



Kiwanda kinachochafua kikifungwa, wengi wetu hudhani kwamba haki imekwisha kutendeka. Moshi umekoma, mitambo imenyamaza, lango limetiwa kufuli. Lakini wahenga walitufundisha: mwenye kovu usidhani kapoa. Leo twataka kulitazama kovu hilo, yaani ardhi ya mjini iliyoachiwa sumu, na kujiuliza maswali mawili: nani aisafishe, na ikiisha kusafishwa iwe ya nani?

Hatuna haja ya kwenda mbali. Huko Owino Uhuru, mtaa wa wanyonge katika jiji la Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu ili kupata madini ya risasi kilifanya kazi ukutani mwa nyumba za watu kati ya 2007 na 2014. Mama Phyllis Omido, aliyewahi kuajiriwa kiwandani humo, aligundua kwamba mwanawe mchanga alikuwa na risasi katika damu. Akawaamsha majirani zake. Mwezi Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na udongo na maji ya mtaa visafishwe katika muda wa miezi minne. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ilitengua fidia hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Tangu kiwanda kufungwa hadi hukumu hiyo ya mwisho, ilipita miaka kumi. Mtoto aliyekuwa akitambaa sasa amekuwa mwanafunzi.

Kwa nini tunamtaja mtoto anayetambaa? Kwa sababu risasi haiozi, wala haichukuliwi na mvua ikaisha. Hukaa katika tabaka la juu la udongo, pale pale watoto wanapochezea. Hushika vidole, huingia mdomoni, hufika katika damu na kuudhuru ubongo unaokua. Wataalamu wa afya hawajui kiwango chochote cha risasi kisicho na madhara.

Kusafisha kwawezekana, ila kuna utaratibu wake. Kwanza udongo hupimwa, kipande kwa kipande, na watoto hupimwa damu. Kisha udongo mchafu huchimbwa na kupelekwa katika shimo lililotandikwa vizuizi ili sumu isivuje. Au huoshwa kwa mitambo. Au hufunikwa kwa udongo safi au zege. Mwishoni hupimwa tena. Anayechimba bila kuulowanisha udongo hupeperusha vumbi la sumu juu ya nyumba za watu, na anayeumwaga mtaa mwingine wa maskini hakusafisha kitu: amehamisha dhambi tu.

Lakini hatari haiishii hapo. Ardhi chafu haina mnunuzi. Ardhi safi ya mjini ina wanunuzi wengi. Huko London, mashariki mwa jiji, eneo kubwa la viwanda vya zamani lilisafishwa kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki ya 2012. Udongo mwingi uliochimbwa ulioshwa na kutumiwa tena papo hapo, na leo pana bustani kubwa. Hata hivyo, mwaka 2007 wakazi wa Clays Lane, nyumba za ushirika zilizokuwa hapo, walihamishwa ili kupisha ujenzi. Kazi njema ya mikono yaweza basi kuambatana na uchungu wa watu. Sisi je, tutawaacha waliovumilia sumu wafukuzwe siku ile ardhi inapopona?

Ndugu zetu, tunawaomba mambo matatu.

Kwanza, kila jumuiya iorodheshe viwanja vilivyowahi kuwa na viwanda, gereji kubwa au majalala, kabla havijajengwa shule, zahanati au hata kanisa. Tusikubali kiwanja cha bure bila kuuliza historia yake.

Pili, tuijue sheria. Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 42, yampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama. Kifungu cha 70 chamruhusu kwenda mahakamani bila kulazimika kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyekwisha kudhurika. Kifungu cha 35 kinatupa haki ya kudai taarifa, pamoja na matokeo ya vipimo.

Tatu, wapangaji na wasio na hati wahesabiwe na kuandikwa kabla ya kazi ya usafishaji kuanza, ili wawe wa kwanza kurudi.

Aliyechafua na alipe, aliyeruhusu naye ajibu, aliyeumia asihamishwe. Tusinyamaze mpaka udongo upimwe tena na kuonekana kuwa safi.

Amani iwe nanyi.