Lango la Skuli ya Allidina Visram



Allidina Visram alitoka Kutch, Bara Hindi, akiwa kijana, na biashara yake ikaenea kutoka pwani hadi Uganda. Alifariki mwaka 1916, na mwanawe akajenga skuli hapa kisiwani Mombasa iwe ukumbusho wa babake. Tendo hilo lastahili sifa.

Lakini tusisahau kwamba serikali ya kikoloni iliwatenga watoto kwa kabila: Mwarabu na skuli yake, Mhindi na yake, Mwafrika na yake. Watoto wa Kihindi walisoma Allidina Visram, wakifanya mtihani wa Cambridge uliotungwa Uingereza. Kijana wa Kiafrika wa Majengo alipita karibu na lango, asiingie. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963, ubaguzi huo ulikomeshwa.

Wazee wangu, lango lililo wazi lamfaa nini mtoto asiye na sare wala daftari, ashindaye na njaa? Kumdumisha darasani mpaka mtihani wa mwisho ni wajibu wetu. Basi kila mwanachama na alipe mchango wake kwa wakati. Haba na haba hujaza kibaba.