Dampa ya Baipasi Mbele ya Umeme wa Bukavu

Mada kwa ajili ya semina ya mafundi wa viyoyozi na umeme, Bukavu, Kivu Kusini

Waliokaa humu ukumbini ni mafundi, kwa hiyo maelezo ya msingi yatapita haraka. Kiyoyozi cha kati husukuma hewa kwenye mfereji mkuu, mfereji hugawanyika kwenda kanda za jengo, na kila kanda ina dampa yake inayofunguka na kufunga kwa amri ya themostati. Kanda mbili tatu zikifunga kwa pamoja, feni ya mwendo mmoja haina habari. Inaendelea kusukuma hewa ile ile katika njia iliyobanwa: presha inapanda, mifereji inavuma, hewa inatoroka kwenye maungio. Dampa ya baipasi imewekwa kuipokea hewa hiyo ya ziada na kuirudisha kwenye mfereji wa kurudi. Ya zamani hufunguliwa na presha yenyewe ikishindana na uzito uliofungwa kwenye mkono wa dampa. Ya sasa ina kontrola, kipima presha chenye mpira mwembamba unaoingia mfereji, na mota ndogo ya volti 24.

Ufungaji wake nao si fumbo. Dampa inakaa kwenye mfereji mfupi unaounganisha upande wa kupuliza na upande wa kurudi. Ukubwa wake unatokana na hesabu moja: hewa yote ya feni, toa hewa inayobebwa na kanda ndogo kuliko zote. Feni ya mita za ujazo 2,000 kwa saa, yenye kanda ndogo ya 500, inahitaji baipasi ya 1,500. Kipima presha kinawekwa mahali mfereji umenyooka, mbali na kona na mbali na mdomo wa feni, na tundu la mpira lisielekezwe kwenye mkondo wa hewa, kwa sababu litasoma nguvu ya upepo juu ya presha. Nyaya ni chache: volti 24 na sifuri yake kwenda kontrola, kisha nyaya tatu kwenda mota, yaani ya pamoja, ya kufungua na ya kufunga. Fundi mzuri anamaliza kazi hii asubuhi moja.

Jambo moja la Bukavu halimo kwenye vitabu vinavyokuja ndani ya maboksi. Mji huu uko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya mwinuko huo ni nyepesi kwa takribani asilimia 14 kuliko ya pwani. Feni ya mzunguko ule ule inahamisha ujazo ule ule lakini inajenga presha ndogo zaidi. Fundi akiweka paskali zilizoandikwa kitabuni kwa ajili ya mji wa pwani, baipasi itachelewa kufunguka au haitafunguka kabisa, naye atasema kontrola ni mbovu. Dawa yake ni kupima kwa manometa jengo likiwa linafanya kazi, kanda zote zikiwa wazi kwanza, kisha kanda moja moja ikifungwa. Hilo linatosha kuhusu mwinuko.

Tatizo lililoleta mada hii ni umeme.

Kituo cha Ruzizi I, pale Mururu ambapo maji ya Ziwa Kivu yanaanza safari ya kwenda Tanganyika, kilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa uwezo wa karibu megawati 30. Ruzizi II ilifuata mwaka 1989, megawati 43.8, na umeme wake unagawanywa kati ya Kongo, Rwanda na Burundi. Mji uliohudumiwa na mitambo hiyo ya kwanza ulikuwa mdogo. Leo komuni zake za Ibanda, Kadutu na Bagira zimebeba watu zaidi ya milioni, na nyaya zimepanda milima ambayo wakati ule ilikuwa mashamba. Ongeza taka za plastiki zinazoelea ziwani hadi kwenye mdomo wa Ruzizi I na kuziba mitambo, jambo ambalo kila mkazi wa Bukavu amekwisha kulisikia likitajwa kuwa sababu ya giza. Chupa ya soda iliyotupwa mtaroni Kadutu inaweza kuishia kuzima kiyoyozi cha maabara Nyawera.

Mada hii hailaumu shirika lolote. Mzigo wa mtandao unajulikana, na kazi ya kuurekebisha iko mikononi mwa wenye dhamana. Hata hivyo, fundi anayefunga kontrola ya volti 24 hawezi kungoja mtambo mpya wa Ruzizi III. Lazima afunge kifaa kitakachoishi na umeme uliopo.

Mafundi wengi wanaogopa umeme ukikatika. Kwa dampa, umeme uliokatika una nafuu, maana feni nayo imesimama. Hatari kubwa ni umeme uliopungua, ambao hauzimi kitu bali unakidhoofisha. Transfoma ya 230 kwa 24 haina akili: inatoa kwa kadiri inavyopewa. Ikipewa 180, kama inavyotokea jioni mitaa yote ikipika, inatoa 18.8. Mota nyingi za dampa zimetengenezwa kuvumilia kushuka kwa asilimia 20, yaani hadi volti 19.2. Chini ya hapo mtengenezaji hana ahadi tena. Dampa inasimama katikati ya safari, au inatetemeka bila kusogea, huku feni yenye mota kubwa ikiendelea kuvuta na kupuliza. Kontrola imeshatoa amri ya kufungua. Yenyewe inaamini imetiiwa.

Sasa weka waya mbaya juu ya volti hizo ndogo. Kwa kuwa volti 24 haiui mtu, imekuwa desturi kuivutia waya wa simu au wa mtandao wa kompyuta uliobaki kwenye kazi nyingine. Hesabu ni fupi. Waya wa shaba wa milimita 0.2 za mraba, mita 20 kwenda na 20 kurudi, una ukinzani wa omu 3.5. Mota nne za volti-ampea 5 kila moja, zikipita kwenye waya huo mmoja, zinavuta karibu ampea 0.83. Volti 2.9 zinapotea njiani. Zile 18.8 zinafika 15.9, na hapo hakuna kitakachosogea. Waya wa milimita 1 ya mraba ungepoteza volti 0.6 tu, na tofauti ya bei yake katika jengo zima ni ndogo kuliko nauli ya kumwita fundi mara moja.

Halafu kuna jenereta. Umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, unakatika, mlinzi anawasha jenereta, umeme unarudi, mlinzi anageuza swichi. Katika dakika chache mfumo umepigwa mishtuko mitatu. Kontrola zisizokumbuka dampa iko wapi huanza kuhesabu upya kutoka sifuri, na kompresa inalazimishwa kuwaka kabla gesi haijatulia. Jenereta ndogo nyingi hazina nyutro iliyofungwa kwenye ardhi, kwa hiyo waya uliokuwa salama kwa SNEL unaweza kuwa na moto kwa jenereta. Plagi yenyewe ya pini mbili inachomekwa upande wowote. Fundi aliyefunga transfoma mbili, moja ya kontrola na moja ya mota, bila kuweka alama ya 24 na ya 0, anaweza kuwa ameunganisha nyaya za pamoja kinyume, na fyuzi (kama ipo) itamwambia.

Radi nayo. Uchambuzi wa takwimu za setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliiweka sehemu moja ya mashariki mwa Kongo katika nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Kufunga bodi ya elektroniki katika eneo kama hili bila kizuizi cha mshtuko wa umeme ni kuikabidhi kwa mvua ya Novemba.

Vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili ya Marekani vina shida yao. Huko umeme ni wa mizunguko 60 kwa sekunde. Hapa ni 50. Transfoma ya 60 peke yake inachemka ikifungwa kwenye 50. Mota ya dampa inayofuata mizunguko ya umeme, iliyopangiwa sekunde 90 kutoka kufunga hadi kufungua, itachukua 108. Kontrola inayokisia mahali dampa ilipo kwa kuhesabu sekunde itakosea kila safari, na makosa yanajumlishana. Fundi anabadilisha kontrola, anabadilisha mota, anabadilisha kontrola tena, wakati kosa liliandikwa ofisini, kwenye kitabu cha zabuni kilichonakiliwa kutoka mradi wa nchi nyingine. Stabilaiza iliyokuwamo kwenye makadirio ya kwanza ndiyo huwa ya kwanza kufutwa ili bei ishuke, na anayeifuta si yeye atakayepanda darini.

Athari ya makosa haya yote inaonekana kwenye koili. Hewa ya baipasi tayari imepoozwa. Ikirudi kwenye koili inapoozwa tena, na mzunguko huo ukiendelea koili inashuka chini ya nyuzi sifuri na kuganda. Katika mji wa joto kali hali hiyo huja kwa nadra, maana kanda nyingi zinadai ubaridi kwa wakati mmoja. Bukavu, yenye wastani wa nyuzi 20 hivi, ni kinyume. Kwa saa nyingi za siku kanda inayodai ubaridi ni moja tu, kwa kawaida chumba cha seva, na robo tatu ya hewa inapita kwenye baipasi. Kifaa kilichobuniwa kufanya kazi mara moja moja hapa kinafanya kazi kutwa nzima. Dampa ikikwama wazi kwa sababu ya volti ndogo, barafu inaonekana mapema. Ikikwama imefungwa, mifereji inapasuka kwenye maungio. Katika kesi zote mbili anayeitwa ni fundi wa gesi, naye anaongeza gesi kwenye mfumo usiopungukiwa gesi.

Ndiyo maana pendekezo la kwanza ni la kukatisha tamaa kidogo kwa mada yenye jina la baipasi: chumba cha seva kitolewe kwenye mfumo wa kanda na kipewe kiyoyozi kidogo cha peke yake. Chumba cha upasuaji vilevile, kwa kuwa kina masharti yake ya presha na usafi wa hewa yasiyochanganyika na kanda za ofisi. Kwa majengo mapya, ifikiriwe feni inayobadilisha mwendo kufuata presha, ambayo inaondoa haja ya baipasi. California, kupitia kanuni zake za nishati za mwaka 2013, iliiondoa baipasi katika utaratibu wa kawaida wa nyumba mpya zenye kanda, na sababu ni hiyo hiyo ya kupooza hewa iliyokwisha kupoozwa.

Pale baipasi inapobaki, kontrola iwe na transfoma yake, si volti 24 za kuazima kwenye bodi ya kiyoyozi. Transfoma iwe ya mizunguko 50, yenye nafasi ya ziada juu ya jumla ya volti-ampea za mota zote. Mbele yake iwekwe stabilaiza ndogo. Mzigo wa kontrola na mota zake ni mwepesi, hivyo hakuna haja ya stabilaiza ya jengo zima, na hoja ya gharama haina uzito. Rilei ya kulinda volti ikate kiyoyozi chote umeme ukishuka chini ya 185 na isikirudishe kabla ya dakika tano. Waya wa volti 24 usipungue milimita 1 ya mraba. Alama za 24 na 0 ziandikwe kwa wino usiofutika kwenye ncha zote mbili, na sifuri ya transfoma ifungwe ardhini mahali pamoja tu. Kizuizi cha radi kiwe kwenye ubao mkuu.

Mota ichaguliwe yenye springi inayofungua baipasi umeme ukipotea, ili feni ikirudi ikute njia. Kwenye koili kifungwe kikato cha baridi kinachosimamisha kompresa kabla ya kuganda. Mpira wa kipima presha ushuke kuelekea mfereji ili unyevu usibaki ndani, na usafishwe mwishoni mwa kiangazi, vumbi linapokuwa limejaa. Jenereta iunganishwe kwa swichi inayogeuza fazi na nyutro kwa pamoja, na ardhi ipimwe kwa kipimo chake, si kwa kuangalia kama fimbo ipo.

Pendekezo la transfoma na stabilaiza linarudiwa hapa kwa makusudi, kwa kuwa ndilo linaloachwa kila mara. Siku ya makabidhiano fundi apime volti za jengo asubuhi na tena saa moja jioni, apime volti 24 kwenye ncha ya mota huku ikitembea, si kwenye transfoma, na aziandike pamoja na paskali za kila kanda. Karatasi hiyo ibandikwe ndani ya mlango wa ubao wa umeme. Shule za ufundi na vituo vya mafunzo vya mji huu vinaweza kuongeza somo la volti ndogo bila mtambo mpya: transfoma moja, mota moja ya dampa na kifaa cha kushusha volti vinatosha kumwonyesha mwanafunzi dampa inavyokata tamaa.

Na kwa wahusika wa ununuzi waliokubali kuketi na mafundi leo: kabla zabuni ijayo haijatangazwa, tafadhali ukurasa wa umeme usomwe na mtu anayeujua umeme wa Bukavu, na stabilaiza isifutwe.