Kiwanja cha Kujengea Nyumba: Maneno kwa Wanachama



Tumepewa nafasi katika sherehe hii ya miaka kumi tuseme machache juu ya nyumba. Wengi wetu tulijiunga na Chama tukilala chini ya nyasi. Sasa twataka bati na saruji, na ni haki yetu, kwani jasho la pamba ni letu. Lakini kabla ya bati kuna kiwanja, na hapo ndipo fedha ya mavuno ya miaka mingi iwezapo kupotea kwa asubuhi moja.

Fikirini majira. Pamba yetu huanza kuuzwa mwezi wa Mei, nasi hupata fedha kiangazi. Wauza viwanja nao hutujia wakati huo huo, na kiangazi kila mahali ni pakavu na pazuri. Uwanda ule ule, mwezi wa Machi, ni makao ya vyura. Kwa hiyo twasihi kwamba mtu asinunue kiwanja ambacho hajakiona kikinyeshewa mvua. Akiwa hawezi kungoja, basi atafute alama: tope lililokaukia mashina ya miti, takataka zilizonaswa katika matawi ya chini, matete na ndago mahali ambapo mwuzaji asema maji hayafiki. Awaulize wazee wa hapo na akina mama wachotao maji, wala si yule jirani aliyeletwa na mwuzaji.

Yafaa pia kuuliza kwa nini mahali palipo karibu na barabara pamebaki patupu siku zote. Huko Dar es Salaam watu wengi walijenga katika bonde la Mto Msimbazi kwa sababu palikuwa karibu na mji. Desemba 2011 yalikuja mafuriko, watu zaidi ya 40 wakafa mjini humo, na Serikali ikawapa waathirika wengi viwanja vingine huko Mabwepande. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko wa ziwa. Nani kati yetu hupima mita hizo kabla ya kulipa?

Udongo nao una mambo yake. Mbuga nyeusi, tuipendayo kwa mpunga, ni adui wa nyumba. Kiangazi hupasuka nyufa za kuingia mkono. Mvua zikija hufura, huinua msingi, na kuta hupasuka kwenye pembe za madirisha. Chukua jembe ukachimbe shimo la futi nne au tano, mahali patatu mbalimbali, maana juu waweza kuona mchanga na chini ukakuta mbuga. Mwuzaji akikuzuia kuchimba, amekwisha kukujibu. Zitazame na nyumba za majirani, zimepasuka wapi. Uliza kisima chao kimechimbwa futi ngapi, na kama choo chako kitapata nafasi upande wa chini wa kisima, umbali usiopungua mita 30.

Sasa haki. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini. Tununuacho ni haki ya kuitumia. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kuhamisha haki hiyo kwahitaji idhini ya Halmashauri ya Kijiji. Karatasi iliyotiwa sahihi na mwenyekiti peke yake chini ya mwembe haitoshi. Kiwanja kilichopimwa mjini, namba yake ihakikishwe katika ofisi ya ardhi.

Mipaka itembelewe pamoja na majirani wa pande zote, na ipimwe kwa futi kamba, si kwa hatua za mwuzaji mwenye miguu mifupi. Minyaa iliyopandwa juzi isihesabiwe kuwa mpaka. Mke wa mwuzaji na ndugu zake waulizwe, nao watie sahihi, maana kesi nyingi huletwa na mtu ambaye hakuulizwa. Mwuzaji akisema kwamba yuko mteja mwingine njiani mwenye fedha mkononi, mwacheni amwuzie huyo.

Fedha itolewe mwisho kabisa, mbele ya mashahidi wa pande zote mbili. Hati isomwe kwa sauti ili asiyejua kusoma asikie, na mnunuzi aondoke na nakala yake siku hiyo hiyo.